Kupoza nyumba Mombasa: rangi ya paa, feni, feni ya maji au kiyoyozi?

Kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana Mombasa hukaa kwenye nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 24. Garissa na Lodwar hupata joto kali kuliko hilo. Kinachotutesa sisi ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, na mwili unabaki na joto lake. Ndiyo maana kifaa kinachosifiwa bara, kwenye hewa kavu, kinaweza kuwa hasara tupu Kisauni au Likoni.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Anza na paa na kivuli, kisha feni nzuri. Kiyoyozi kije mwisho, kwa chumba kimoja cha kulala, na kiwe cha inveta, yaani kinachopunguza mwendo chumba kikishapoa. Feni ya maji, ile yenye tangi na mikeka inayolowana, usinunue. Mpangilio huu unaokoa pesa ya tokeni za umeme, na pia unapunguza mchango wetu katika joto la dunia, kwa sababu mtu akinunua kiyoyozi kibaya hulipa kwa kuongeza joto lilelile analolikimbia.

Paa: mahali joto linapoingilia

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu ya kichwa au karibu na hapo mwaka mzima, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa zaidi, kuliko ukuta wowote. Bati lililoshika kutu au lenye rangi iliyokoza linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi saa nane mchana, na bila dari chini yake ni kama umelala chini ya pasi. Bati jipya linalong'aa hurudisha jua jingi, lakini likishapata moto haliliachii joto kwa urahisi, na baada ya miaka michache ya hewa ya chumvi mng'ao wenyewe umekwisha.

Slabu ya zege ina tabia nyingine. Hunywa joto mchana kutwa na kulitoa polepole kuanzia jioni hadi saa sita usiku. Mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa Tudor au Majengo anaijua hali hii vizuri: nje kumepoa, ndani dari bado inachoma.

Rangi nyeupe hutibu yote mawili. Nyeupe safi hurudisha asilimia 70 hadi 80 ya jua; bati la kutu hurudisha robo tu au hivi. Kwa paa la mita 60 za mraba, ukihesabu lita moja kwa mita 6 na mikono miwili ya rangi, unahitaji lita 20, yaani ndoo moja kubwa. Chagua rangi ya akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa paa, si ile ya ukutani.

Kazi ya bati huharibika mara nyingi kwenye maandalizi. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, suuza, acha likauke, kisha paka praima ya kutu kwenye madoa. Kama bati ni la zinki na bado jipya, tafuta praima ya mabati ya zinki. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki humenyuka nayo na kufanya utando kama sabuni, na mwaka ukipita rangi inabanduka magamba. Panda asubuhi mapema. Kufikia saa nne bati limepata moto na rangi inakauka kabla haijatandaa. Kanyaga penye misumari, kwa sababu chini yake pana mbao. Ikiwa unavuna maji ya mvua, ondoa mfereji kwenye tangi mpaka mvua mbili tatu za kwanza zipite.

Kwa slabu kuna njia rahisi zaidi ambayo pwani inaijua tangu zamani: chokaa. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa ndoo mbili za maji, uchuje, kisha utie nusu lita hadi lita moja ya gundi nyeupe ya seremala kwa kila lita 20. Watu wengine hutia chumvi ili ishike. Kwenye slabu usitie, maana chumvi ikipenya kwenye nyufa hula vyuma vilivyo ndani ya zege. Chokaa pia usiipake juu ya bati, inakula zinki. Rudia kila mwaka baada ya masika. Rangi ya akriliki hudumu zaidi, ila nayo ioshwe kabla ya kaskazi kuanza, maana vumbi na ukungu mweusi hufuta faida yake kimyakimya.

Kama nyumba ni ya mabati na hakuna dari, dari ya aina yoyote yenye matundu ya hewa pembeni itasaidia kuliko feni mbili. Karatasi ya fedha ya kuzuia joto nayo inafaa, lakini iachiwe nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5, na upande unaong'aa utazame chini ili usishike vumbi. Ikigusana na bati inageuka kuwa bati jingine tu.

Kisha kuna ukuta wa magharibi. Chumba cha kulala kilichoelekea jua la jioni kinahitaji kivuli cha nje: kibaraza, mkeka wa mianzi ulioning'inizwa nje ya dirisha, hata mti. Pazia la ndani hupata joto lenyewe na kulimwaga chumbani. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa akili hii, kuta nene za matumbawe, dari za juu, vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli. Ni huzuni kuona nyingine zikitobolewa kuta ili zifungiwe mashine wakati paa la bati juu yake halijaguswa.

Feni ya kawaida na feni ya mota ya sumaku

Feni haipunguzi joto la hewa hata nyuzi moja. Inachofanya ni kuondoa hewa yenye unyevu iliyoganda kwenye ngozi ili jasho likauke. Upepo wa kama mita moja kwa sekunde huufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi 3 hivi. Ngozi yetu huwa karibu nyuzi 35 na hewa ya Mombasa ni nadra kufika hapo, kwa hiyo feni hapa ina maana mwaka mzima. Ukitoka chumbani, izime, haipozi kiti.

Feni ya dari ya kawaida ya inchi 48 au 56 hula wati 70 hadi 80 kwa kasi ya juu. Ile mpya ya mota ya sumaku, ambayo madukani huandikwa BLDC, hula wati 28 hadi 35 kwa upepo uleule. Ni ghali kuinunua, lakini chumba ambacho feni hukaa ikizunguka usiku kucha huirudisha tofauti hiyo. Kwa sebule inayowashwa saa mbili kwa siku, ile ya kawaida inatosha.

Mambo ya kuangalia. Feni ya mota ya sumaku ina rimoti na sakiti yake ndani, kwa hiyo lazima rigyuleta ya ukutani, ile ya kubadilishia kasi, iondolewe na pawekwe swichi tupu. Fundi akiiacha, sakiti inaungua na waranti inakataliwa. Sakiti hiyo pia haipendi umeme unaorudi kwa kishindo, basi weka kinga ya mawimbi ya umeme kwenye bodi ya nyumba. Feni ya kawaida ni ngumu zaidi kufa. Ikianza kuzunguka kivivu, mara nyingi kapasita ndiyo imechoka: soma namba iliyo kwenye ile ya zamani (nyingi ni 2.5 au 3.15 maikrofaradi, volti 440) na ununue ya namba ileile. Watu hutupa feni nzima kwa sababu ya kijidude hicho.

Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na sentimita 25 hadi 30 chini ya dari. Yakikaribia dari sana, feni inakosa hewa ya kuvuta. Chini ya bati tupu mchana, feni ya dari hushusha hewa ya moto iliyokusanyika juu. Hapo afadhali feni ya stendi kando ya dirisha. Na kwa ghorofa yenye slabu moto, kuanzia saa mbili usiku geuza feni ya stendi itazame nje kwenye dirisha moja, ufungue dirisha la upande wa pili. Itatoa joto la ndani na kuvuta hewa ya usiku. Msimu wa kaskazi, dirisha la kuingizia ni la kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi, la kusini.

Chandarua usikiondoe kwa ajili ya feni. Chukua cha mraba chenye nafasi, na uweke feni ya stendi karibu, kwenye usawa wa kitanda, ili upepo upenye matundu kwa pembeni badala ya kutoka juu.

Feni ya maji

Ni ile yenye tangi, pampu ndogo na mikeka inayolowana, na muuzaji huionyesha ikitoa hewa baridi mlangoni mwa duka. Kanuni yake ni kukausha maji ili hewa ipoe. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 30, kama ya Lodwar, inaweza kupozwa hadi karibu na 22. Hewa yetu ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 haiwezi kushuka chini ya 27 hata mashine iwe kamilifu; mashine halisi itatoa kama 28, na hewa hiyo itakuwa imejaa maji. Kwenye chumba kilichofungwa, baada ya nusu saa jasho linakauka kwa shida. Barafu unayoambiwa utie kwenye tangi imegandishwa na friji yako, nayo imemwaga joto zaidi jikoni. Ongeza ukungu kwenye kabati la nguo na maji yaliyotuama kwenye tangi. Kwa pwani hatuoni sababu ya kuinunua.

Kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja nacho kiepuke ukiweza. Kinatupa hewa ya chumba nje kwa bomba, na hewa ya moto yenye unyevu inaingia kwa kila mwanya kujaza nafasi.

Kiyoyozi cha kawaida na cha inveta

Kiyoyozi ndicho pekee kati ya hivi kinachoondoa unyevu. Kwa mzee, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo, au mtu anayefanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana chini ya slabu, hilo si anasa.

Kile cha kawaida kompresa yake ina hali mbili: inakimbia kwa nguvu zote au imezima. Cha inveta hupunguza mwendo chumba kikishapoa na kuendelea taratibu. Tofauti haionekani dakika 20 za kwanza, inaonekana saa sita za usiku zinazofuata. Kwa hiyo kwa chumba cha kulala, ofisi au duka la dawa, inveta. Kwa chumba cha mikutano kinachowashwa saa moja mara mbili kwa wiki, cha kawaida hakijakosewa.

Ukubwa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa pwani hesabu BTU 600 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni 7,200, chukua 9,000. Chumba cha 4 kwa 4 ni 9,600, chukua 12,000. Kama kiko chini ya paa lisilotibiwa, utalazimika kupanda saizi moja, na hiyo ndiyo gharama ya kuruka hatua ya paa. Usipande zaidi ya hapo. Kiyoyozi kikubwa kupita chumba hupoza haraka na kuzima kabla hakijatoa maji hewani. Unabaki na chumba baridi chenye unyevunyevu na ukutani kunaota ukungu.

Kabla ya kufunga, tazama madirisha. Nyumba nyingi za Mombasa zina madirisha ya vioo vya luva na matundu ya hewa juu yake, mazuri sana kwa upepo, mabaya sana kwa kiyoyozi. Luva hazizibi. Mashine itakausha hewa inayoingia kutoka barabarani usiku kucha. Katika chumba hicho kimoja weka dirisha la kuteleza au kioo kizima, ziba matundu, na uweke utepe wa mpira wa kuziba mwanya chini ya mlango. Vyumba vingine viache vipumue.

Sasa hesabu. Tumechukua chumba cha mita 12 za mraba, saa 8 kwa usiku, na shilingi 30 kwa uniti (kilowati-saa moja ya umeme) ili iwe rahisi. Ya kwako ipate kwa kugawanya pesa uliyolipia tokeni kwa uniti ulizopewa, kodi zote zikiwa ndani.

| Kifaa | Wati | Uniti kwa usiku | Uniti kwa siku 30 | Shilingi |
|---|---|---|---|---|
| Feni ya mota ya sumaku | 30 | 0.24 | 7 | 216 |
| Feni ya dari ya kawaida | 75 | 0.6 | 18 | 540 |
| Kiyoyozi cha inveta, 9,000, nyuzi 26 | wastani 375 | 3 | 90 | 2,700 |
| Kiyoyozi cha kawaida, 9,000 | 850, kikikimbia asilimia 65 ya muda | 4.4 | 132 | karibu 4,000 |

Kuna jambo jedwali halionyeshi. Bei ya umeme wa nyumbani Kenya ina madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wanaozidi 100, na daraja hufuata wastani wa miezi iliyotangulia. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ikiongeza kiyoyozi, inavuka 100, na uniti zote, pamoja na za taa na friji, zinahesabiwa kwa bei ya juu. Nyumba ya chumba kimoja inayotumia uniti 20 ikiweka feni ya mota ya sumaku badala ya kiyoyozi, inabaki chini ya 30.

Weka nyuzi 26 au 27 huku feni ya dari ikizunguka polepole. Kila nyuzi unayopandisha hupunguza matumizi kwa asilimia 5 hadi 10, na feni hurudisha nafuu hiyo kwa wati 15. Kuweka 18 hakupozi chumba haraka zaidi. Na kama unaweza, kiwashe baada ya saa tatu usiku. Umeme mwingi wa Kenya ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, lakini jioni watu wote wanapowasha kwa pamoja, mitambo ya mafuta, ikiwemo ya Kipevu hapahapa Mombasa, huitwa kuziba pengo.

Kwa kuwa umeme wetu ni safi kiasi hicho, gesi iliyo ndani ya mashine ina uzito mkubwa katika hesabu ya hali ya hewa. Kilo moja ya R410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja ni sawa na takriban kilo 2,088 za kaboni dioksaidi. R22 ni 1,810. R32 ni 675. R290, ambayo ni propani, haizidi 3 hivi. Cha kununua leo ni R32, au R290 ukiipata pamoja na fundi aliyefunzwa, maana inawaka. R22 iko njiani kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu mwaka ni 2030, kwa hiyo mtumba wa R22 kutoka hotelini unakuja na gesi inayozidi kuadimika. Usikubali fundi atie R410A kwenye mashine ya R22. Presha yake ni ya juu zaidi kwa karibu nusu na mabomba hayakujengwa kwa hiyo. Gesi ya kupikia ndani ya kiyoyozi cha R22 ni hatari ya moto, basi.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Pampu ya vakyumu iunganishwe angalau dakika 20, mpaka geji isome mikroni 500 au chini, kisha ifungwe na kutazamwa kama inapanda. Kusukuma hewa kwa kufungulia gesi kidogo ni kosa la kawaida sana: unyevu unabaki ndani, unachanganyika na mafuta na kuifanya kompresa ife mapema. Mabomba yote mawili yavikwe sponji, la sivyo yatatoa jasho ukutani. Bomba la maji lishuke sentimita moja kwa kila mita. Waya wake uwe peke yake, milimita 2.5 za mraba, na breka ya ampea 16 au 20. Weka kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika 3 hadi 5 baada ya kurudi. Kiyoyozi cha kawaida kwenye laini inayoshuka hadi volti 190 jioni hunguruma bila kuwaka, na hapo ndipo kompresa huungua.

Chumvi ndiyo adui wa mwisho, hasa Nyali, Bamburi na Shanzu. Sanduku la nje likae upande usiotazama bahari. Mapezi yake, yale mabati membamba ya kutolea joto, yawe yamepakwa kinga, yale ya buluu au ya dhahabu. Mabano yawe ya chuma cha pua au kilichochovywa kwenye zinki. Chuma cha pembe kilichopakwa rangi hudondoka. Kila mwezi au miwili suuza mapezi kwa maji baridi ya bomba kwa mpira wa kawaida, si mashine ya presha inayoyalaza, wala asidi. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai kabisa. Kichujio cha ndani kioshwe kila wiki mbili. Dukani, soma lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, na ulinganishe mashine za BTU zilezile tu.

Sola ikiingia

Feni na sola ni marafiki. Feni ya volti 12 ya wati 25 kwa saa 10 hula wati-saa 250. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 30, au ya risasi ya 50 ambayo haitumiwi zaidi ya nusu, inatosha. Paneli ya wati 100 huijaza kwa siku moja ya jua la Mombasa. Kiyoyozi cha usiku kinachokula uniti 3 kinataka betri ya karibu uniti 4 na paneli za kama wati 900 kwa ajili yake peke yake. Kwa duka, darasa au kliniki inayotumia kiyoyozi mchana, paneli bila betri kubwa zina maana zaidi, kwa sababu jua kali na hitaji la ubaridi huja saa zilezile.

Kwa mpangaji asiyeweza kugusa paa, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kupaka chokaa slabu kwa gharama yako. Ni gunia la chokaa na siku moja ya kazi, na wengi hukubali wakisikia pia inajaza nyufa nyembamba. Akikataa, ning'iniza mkeka nje ya dirisha la magharibi, nunua feni ya stendi unayoweza kuhama nayo, na fedha ya kiyoyozi iweke mpaka upate nyumba isiyo ya ghorofa ya juu kabisa.

Ukibadilisha kiyoyozi cha zamani, mlipe fundi aikusanye gesi kwenye mtungi kabla hajakata mabomba. Wengi hukata tu na kuiachia hewani.